Geti la Oombeke na Treni ya Pili

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne wiki hii kijiji cha Oombeke kilimzika Odiel Wittevrongel, mlinzi wa geti la reli. Alikuwa na umri wa miaka tisini na moja. Alifia kitandani kwake, baiskeli ikiwa imeegemea ukuta wa jikoni, magurudumu yamejaa upepo. Binti yake, Rozanne, ndiye aliyetaka tuseme hilo la upepo. "Alijaza mwenyewe Jumamosi," alituambia. "Hakumpa mtu pampu."

Wengi wenu mnalijua jina la Odiel kwa sababu moja tu, na sababu hiyo haikumletea heshima. Leo tunaisimulia upya, kwa kuwa wiki hii limesemwa jambo ambalo Oombeke haikulijua kwa zaidi ya miaka hamsini.

Tuanze na baiskeli. Odiel alipanda baiskeli kila siku. Ilikuwa nyeusi, nzito, ina kava ya mnyororo na keria nyuma. Alikwenda nayo kazini, kanisani, kwa kinyozi, na shambani kuchukua viazi. Na hakutazama mbio za baiskeli hata mara moja. Hapa kwetu Flanders, mtu asiyetazama mbio hutazamwa yeye.

Mkewe, Livina, naye alipanda baiskeli kila siku, kwenda kiwanda cha kufuma nguo. Barabara ilikuwa ile ile, na upepo ule ule. Lakini Livina alizipenda mbio. Alikuwa mwanachama wa chama cha mashabiki wa Noël Dossche, kijana wa Oombeke, mtoto wa muuza makaa, aliyekuwa amechukuliwa na timu ya kulipwa. Rozanne anayakumbuka mabishano ya mezani.

"Kila asubuhi napigana na upepo mpaka kiwandani na hakuna anayejua," mama yake alikuwa akisema. "Nikimwona Noël anapigana na upepo huo huo na watu wanampigia makofi, naona na mimi nimepigiwa."

"Basi kesho nitakuja nikusubiri mlangoni pa kiwanda, nikupigie."

"Njoo. Na maua ulete."

"Mimi napanda ili nifike, Livina. Wale wanapanda ili mwenzao asitangulie. Wakishafika, wanaitupa baiskeli kwenye gari na kurudi nyumbani wamekaa. Hiyo ni baiskeli gani?"

Hivyo ndivyo nyumba hiyo ilivyokuwa. Wawili wenye baiskeli, mmoja na mbio zake, mwingine hana habari nazo. Ingekuwa mzaha wa mezani tu, kama si Jumapili moja ya Aprili mwaka 1968.

Wasikilizaji wapendwa, siku hiyo mbio zilipita Oombeke zikielekea mwisho wake. Zilipita pale pale kwenye geti la Odiel. Watu walijaa pande zote mbili, kwa sababu waendesha baiskeli hulazimika kupunguza mwendo kwenye reli na unaweza kuwaona nyuso. Livina alikuwepo, na Rozanne, mtoto wa miaka minane, amekaa kwenye keria ya baiskeli ya mama yake.

Kibanda cha Odiel kilikuwa na kengele mbili na simu moja. Kengele moja ilitangaza treni inayotoka upande wa mji. Nyingine ilitangaza inayotoka upande wa mto. Upande wa mto reli ilikunja kona, na huwezi kuiona treni mpaka imefika. Sheria ilikuwa fupi. Kengele ikilia, shusha geti. Usilipandishe mpaka treni iliyotangazwa imepita, au mkuu wa stesheni amekupigia simu. Mkuu wa stesheni ya upande wa mto aliitwa Gaston. Alikuwa kaka yake Livina, yaani shemeji wa Odiel.

Redio zilikuwa madirishani, na zote zilisema jambo moja. Noël Dossche yuko mbele. Noël yuko peke yake. Kundi linamfukuza, lakini bado halimwoni.

Ndipo kengele ya mji ikalia. Na kabla haijanyamaza, ya mto nayo ikalia. Kengele mbili, treni mbili. Odiel akashika mkono wa chuma wa kuendeshea geti na kuzungusha. Geti likashuka.

Noël alitokea kwenye barabara ya mawe, uso umejaa tope. Aliliona geti akiwa mbali na hakutaka kuliamini. Akafika, akaweka mguu chini. Treni ya abiria ikapita kutoka mjini, behewa baada ya behewa, na watu ndani wakachungulia. Ikaenda. Umati ukashangilia treni kupita. Noël akaweka mguu kwenye pedali.

Geti halikupanda.

"Fungua," Noël alisema.

"Bado."

"Imepita."

"Hiyo ni ya kwanza."

Odiel alitega sikio. Alijua treni ya upande wa mto ilikuwa ya mizigo, imebeba mawe. Treni ya mawe haisimami kwa sababu dereva ameona mtu. Lakini reli ilikuwa kimya. Watu nao walinyamaza wakisikiliza pamoja naye, na kila aliyesikiliza hakusikia kitu. Kisha wakaanza kupiga kelele.

"Odiel, treni gani hiyo? Ya roho mtakatifu?"

"Amelala huyo. Mwamsheni."

"Fungua, wewe, mtoto anaibiwa ushindi wake."

Sauti moja aliitambua. Livina alikuwa ameshika geti kwa mikono yote miwili, upande wa pili wa reli. Hakuwa akipiga kelele. "Odiel," alisema, "nakuomba. Hakuna kitu. Tazama mwenyewe, hakuna kitu."

Odiel hakumtazama. Aliitazama kona.

Noël hakungoja zaidi. Aliinua baiskeli yake begani, akainama apite chini ya geti. Odiel akamdaka kwa shati mgongoni, akamvuta.

"Niachie, mzee."

"Rudi nyuma."

"Niachie. Wanakuja."

"Ukifia hapa nitakuokota mimi, na vipande vyako nitampelekea mama yako mimi. Rudi nyuma."

Na kweli walikuwa wanakuja. Kwanza ulisikika mlio wa minyororo, halafu breki, halafu matusi ya lugha nne. Kundi zima likajazana kwenye geti, gurudumu kwa gurudumu. Faida yote ya Noël iliishia hapo. Sheria ya mbio ilisema wazi kwamba geti likifungwa, kila mtu na bahati yake.

Ndipo simu ikalia. Odiel aliingia kibandani, akasikiliza, akaweka simu chini. Akatoka, akazungusha mkono wa chuma, geti likapanda. Treni ya pili haikupita. Nasema tena kwa wale wanaofungua redio sasa hivi: treni ya pili haikupita. Watu wote wa Oombeke waliona kwamba Odiel alimzuia Noël kwa ajili ya treni isiyokuwepo.

Noël alimaliza wa kumi na moja. Mwaka uliofuata hakupata timu. Hakuwahi tena kuongoza mbio kubwa. Alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha samani, na alikwenda huko kwa baiskeli.

Kuhusu Odiel, kijiji kilimpa adhabu ndogo inayorudiwa kila siku. Akipita kwa baiskeli, watu walizungusha mkono hewani, kama mtu anayeshusha geti. Akiingia dukani kwa mwoka mikate, aliambiwa, "Mkate upo, Odiel, ila subiri treni ya pili." Kwa kinyozi kiti kilikuwa wazi, na bado aliambiwa asubiri treni ya pili. Rozanne aliambiwa hivyo shuleni. Odiel alisubiri, akachukua mkate wake, akasema asante, akapanda baiskeli.

Nyumbani Livina alimuuliza mara moja tu. "Simu ile ilisema nini?"

"Ilisema nifungue."

"Basi?"

"Basi."

Rozanne anasema mama yake hakuambiwa zaidi mpaka anafariki. Lakini Livina alikuwa na macho. Jumapili mezani aliona kaka yake Gaston hawezi kumtazama Odiel usoni. Kuanzia Krismasi ya mwaka ule, kila Gaston alipokuja kula, Livina alimpakulia nyama akiwa wa mwisho. Hakutoa sababu, na Gaston hakuiuliza.

Wasikilizaji wapendwa, Gaston yu hai. Ana miaka themanini na saba. Wiki hii tulikaa naye, na haya ni maneno yake.

"Nilikuwa na redio mezani stesheni. Niliposikia Noël anaikaribia Oombeke yuko peke yake, nilijua treni ya mawe itamkatia njia. Nikaweka ishara nyekundu, nikaisimamisha nyuma ya kona. Sikuwa na ruhusa, ila nilitaka kumsaidia. Kilichobaki kilikuwa kumpigia shemeji simu. Nikasema ngoja kwanza nisikie. Nikaongeza sauti ya redio. Mtangazaji akasema Dossche amezuiwa getini Oombeke. Nikajiuliza, amezuiwa na nini tena? Ndipo nikaiona simu."

Yaani mtu aliyependa mbio ndiye aliyezivuruga, na asiyezijali ndiye aliyelaumiwa. Tulimuuliza Gaston kwa nini Odiel alinyamaza.

"Nilimwomba. Nilikuwa na watoto wanne, na nyumba ilikuwa ya shirika la reli. Nilikwenda kwake siku iliyofuata. Aliniambia, 'Shemeji, uliniambia nifungue, nikafungua. Kuna nini cha kusema?' Halafu akaendelea kuziba pancha yake."

Hatujui kama Odiel aliona hilo kuwa ni wema. Rozanne anadhani hapana. Anadhani baba yake aliona kengele ililia, yeye akaifuata, na kwamba kutaja jina la Gaston kusingebadilisha matokeo ya mbio. Tunachojua ni kwamba alibeba lawama hiyo, na ilikuwa ya mtu mwingine.

Bado kuna jambo moja, nalo ni la Noël. Kwa miaka mingi yeye na Odiel walipishana kwenye njia ya kando ya mfereji, mmoja akienda kiwandani, mwingine akitoka zamu. Hawakusalimiana. Kisha asubuhi moja ya Novemba upepo ulivuma kutoka baharini hata bata wakabaki ukingoni. Odiel alikuwa amekaribia kustaafu. Siku hiyo alikuwa akienda zamu ya mchana, kwa hiyo walielekea upande mmoja, na Noël akamfikia kwa nyuma. Alimpita. Kisha akapunguza mwendo, akakaa mbele yake.

Odiel, ambaye hakuwahi kutazama mbio, hakuelewa. Akasogea pembeni ampishe.

"Kaa nyuma yangu," Noël alisema bila kugeuka.

"Kwa nini?"

"Upepo, wewe. Sogea. Gurudumu lako likaribie kugusa langu. Karibu zaidi. Mungu wangu, miaka yote hiyo juu ya baiskeli na hujui hata hili."

Odiel akasogea. Upepo ukakatika usoni pake kama dirisha limefungwa. Jioni alimwambia Livina neno moja kuhusu mbio, la kwanza na la mwisho maishani mwake. "Kumbe huwa wanakingana."

Tangu siku hiyo wawili hao walipanda pamoja kila walipokutana. Odiel hakumweleza habari za treni. Noël hakuuliza.

Siku ya Jumatatu, nyumbani kwa marehemu, mezani kuna kahawa na keki ya mchele, Gaston alimweleza Noël yote. Rozanne alikuwepo, na ametukabidhi mazungumzo kama yalivyokuwa.

"Ilikuwa wapi hiyo treni ya pili?" Noël aliuliza.

"Nyuma ya kona. Imesimama."

"Kwa hiyo ningepita."

"Ungepita. Na ungeshinda, nadhani."

"Na Odiel alijua imesimama?"

"Hakujua mpaka nilipompigia."

Noël alimtazama Gaston. Rozanne anasema yeye mwenyewe aliogopa. Kisha mzee akamalizia kahawa yake. "Basi alifanya sawasawa," alisema. "Wewe ndiye ningekupiga, Gaston. Lakini tazama umri ulionao."

"Themanini na minane, mwezi wa sita."

"Ndiyo hivyo. Nipe keki."

Kesho yake jeneza lilitoka kanisani kwenda makaburini, ng'ambo ya reli. Rozanne alikuwa ameomba watu waje na baiskeli zao za kila siku, si za mbio. Walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Noël alikuwa mbele, nyuma tu ya gari la jeneza, juu ya baiskeli yenye kikapu.

Siku hizi geti linajishusha lenyewe. Msafara ulipofika, taa zikawaka nyekundu na geti likashuka. Treni ya abiria ikapita kutoka mjini. Taa zikabaki nyekundu. Geti likabaki chini. Reli ilikuwa kimya, na watu wakaanza kutazamana. Kijana mmoja nyuma akasema labda mtambo umeharibika, kuna nafasi pembeni, mtu anaweza kupita.

Noël aliweka mguu chini. "Subiri treni ya pili," alisema.

Hakuna aliyecheka. Walisimama wote, mguu mmoja chini, wakiitazama kona. Ikaja, ndefu, ya mizigo.

Kwa Rozanne na wanawe, redio hii inawapa pole. Kwa Noël Dossche, aliyepoteza mtu wa kupanda naye, pole. Kwa Gaston pia, kwa sababu amezika shemeji, na kwa sababu amesema. Jumapili mbio zinapita tena Oombeke. Baadhi yenu mtakuwa barabarani tangu asubuhi na viti vya kukunja. Baadhi mtakuwa mnatafuta njia ya kwenda kununua mkate na kulaani barabara kufungwa. Popote mtakapokuwa, mkikuta mtu amewazuia na hamwoni sababu, tulieni kidogo kabla ya kuzungusha mikono. Pengine amesikia kengele.