Gari Lilikuwa na Mafuta

Hamjambo, wasikilizaji wapendwa. Kama una chungu jikoni, punguza moto. Kama uko kwenye foleni ya Kimara, basi foleni hiyo haiendi popote, tulia unisikilize. Ni mie Mwanabaraka, na jioni hii tunamkumbuka mtu wa Gongo la Mboto.

Jina lake Hashil Aiman. Alikuwa muuza vitambaa. Amefariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sitini na mitatu. Ameacha mjane, Bi Alya, na binti mmoja, Raudha. Hashil Aiman, muuza vitambaa, mtu aliyependa magari kupita kiasi.

Raudha alikuja hapa studio Jumatatu. Wageni wa kipindi hiki huja na picha za marehemu na sifa zake. Yeye alikuja na sentensi moja, akaniomba niiseme hewani hivyohivyo ilivyo. Nikamuuliza, mwanangu, una hakika? Akasema anayo. Basi naisema mapema: siku ile, gari lilikuwa na mafuta.

Kwa miaka kumi na minane Raudha aliishi akijua kuna mtu mmoja wa kuombwa radhi, na akiamini kwamba yeye na baba yake hawajamwomba. Baba akafa. Akabaki peke yake na neno hilo kifuani, mtu mwenyewe akiwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Hiyo ndiyo habari yetu ya leo.

Sasa tuanze na magari, maana Hashil bila magari hasimuliki. Ujanani alikuwa na gari jekundu la milango miwili. Wenye umri wangu mnalijua lile, ukikaa nyuma magoti yanakugusa kidevu. Bi Alya ananiambia walipokuwa wachumba alipanda humo na baibui lake, kushuka ikawa kazi ya watu wawili. Akacheka aliponisimulia, kisha akafuta machozi. Hashil wa siku hizo akinunua gari aliuliza jambo moja tu, linakimbia kiasi gani.

Alipooa akanunua Mark II nyeupe. Hapo ndipo mapenzi yalipokolea. Akakata springi gari likalala chini. Akatia vioo vya tinti. Halafu akachagua dukani mwake velveti nyeupe pee, ya kuvalisha viti. Ndani humo hali mtu, hanywi mtu, na watoto walivuaga viatu kabla ya kupanda. Msicheke, nyie mnaoosha gari mara mbili kwa siku mnajijua.

Velveti ile ilishonwa na nani? Shikeni jina hili. Ilishonwa na Auleria, fundi cherehani aliyekaa barazani pale dukani kwa Hashil. Alikuja Dar na mumewe kutoka bara, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Siku tatu alizipima zile siti, akakata, akashona, akazivalisha. Fundi Auleria ndiye aliyeshona vitambaa vya viti.

Tukaja mwaka 2007, Jumamosi, saa tano asubuhi. Hashil alikuwa ameombwa gari lake limbebe bibi harusi, kule Mwananyamala. Mnajua heshima ya jambo hilo, gari lako kuwa gari la bibi harusi. Alikesha akilisugua. Asubuhi likapambwa riboni na maua kwenye boneti. Raudha, wakati huo na miaka kumi na miwili, amevaa gauni jipya, amekaa mbele na kikapu cha maua mapajani.

Fundi akatokea uchochoroni, ameshika ukuta. Alikuwa na mimba ya kwanza, imebaki kidogo ifike siku zake. Mumewe alikuwa safarini. Akamwambia Hashil kwamba chupa imepasuka, ampeleke hospitali.

Raudha anasema baba yake alimtazama Fundi, kisha akatazama viti. Anasema aliyaona macho yakienda na kurudi. Kisha Hashil akasema, "Fundi, gari halina mafuta. Nasubiri mtu aje na dumu."

Uongo huu tunaujua sote hapa mjini, jamani. Jirani akiomba lifti, gari halina mafuta. Tumeusema mpaka hatuuhesabu kuwa uongo. Mie mwenyewe nimeusema, na nikaenda zangu.

Lakini Fundi hakuondoka. Akainama dirishani kwa yule mtoto, akamuuliza kwa upole kama ni kweli. Mbele ya Raudha mshale wa mafuta ulikuwa juu kabisa. Tangi limejaa. Raudha akasema, "Ndiyo. Halina tangu asubuhi."

Hebu tulipitie tena taratibu. Fundi Auleria aliomba gari. Hashil akasema halina mafuta. Raudha akasema ndiyo.

Jirani mmoja, Mwishehe, alikuwa na guta, baiskeli ya matairi matatu ya kubebea kreti za soda. Akazishusha kreti zote chini, akatandika gunia, wakamlaza Fundi, wanawake wawili wakamshika. Mwishehe akapiga pedeli. Walipofika lami, nyuma yao wakasikia honi za harusi. Guta likasogea pembeni kupisha. Yakapita magari matatu, na la mbele ni Mark II nyeupe, riboni zinapepea.

Fundi aliinua kichwa. Raudha aliona kinainuka. Akajikunja chini ya dirisha, akajifanya anaokota maua yaliyoanguka. Hakuna ua lililokuwa limeanguka.

Mtoto alizaliwa juu ya guta, kabla hawajafika hospitali. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Hakuna aliyesema kwamba gari lingemwokoa. Wala hakuna aliyesema kwamba lisingemwokoa. Jambo likabaki hivyo, na kubaki hivyo ndiko kulikowamaliza. Kesho yake Hashil alikata dukani kitambaa cheupe cha kumzikia mtoto, akampa Raudha akipeleke. Raudha anasema Fundi alikipokea kwa mikono miwili, akamwambia ahsante mama. Mtoto wa miaka kumi na miwili akarudi nyumbani akatapika.

Baba na binti hawakulizungumza kamwe. Si siku ile, si mwaka ule. Bi Alya, nyumba hiyohiyo, amelisikia mwezi uliopita.

Baada ya miezi miwili Hashil akauza Mark II. Akanunua Noah. Si ile ya kung'aa, hapana, Noah ya kijivu, pana, imebonyea ubavuni, viti vya ngozi ya plastiki, ile ya kufuta kwa kitambaa na maji ya sabuni. Watu wakamcheka. Ndugu yake, Anwar, akamuuliza kama uzee umeshabisha hodi. Hashil akajibu ni mgongo, gari za chini zinamuumiza.

Na wakamwamini, maana ni jambo la kawaida. Ujanani tunauliza mbio na rangi. Tukivuka arobaini tunauliza spea zinapatikana wapi, linakula mafuta kiasi gani, bibi atapandaje. Mie nilikuwa nalilia gari jekundu, leo nataka lenye mlango mpana na nafasi ya magunia mawili ya mkaa. Umri unatufanyia hivyo. Kwa hiyo mtaa ukasema, Hashil kawa mtu mzima.

Raudha peke yake alijua si mgongo.

Noah ile ilibeba wagonjwa. Ilibeba maiti wa mtaani kwenda makaburini, wa dini hii na wa dini ile. Ilibeba sufuria za shughuli, watoto wa madrasa, mbuzi wa Idi. Kila magharibi Hashil aliliegesha kichwa kikitazama barabara, ili lisipoteze muda kugeuza. Na halikuwahi kulala na tangi chini ya nusu. Bi Alya alikuwa akigomba, mwanamume gani huyu, akiamka tu anachungulia mafuta.

Raudha akawa msichana wa sekondari, na Noah ikamtia aibu. Ilinuka dawa na dagaa. Alimwombaga baba amshushe kona, asimfikishe getini. Baba akamshusha kona, miaka minne, bila kuuliza. Hii, Raudha aliniambia, ni aibu ya pili juu ya ile ya kwanza, maana yeye ndiye mtu pekee aliyejua gari lile limetoka wapi.

Akasoma, akapata kazi, akanunua gari lake mwenyewe. La chini, jeusi, rimu zinawaka, viti rangi ya maziwa. Akaja nalo Gongo la Mboto kumwonyesha baba. Hashil akalizunguka, akatabasamu. Akafungua mlango wa nyuma, akabonyeza kiti kwa kidole.

Akauliza, "Vinaosheka?"

Raudha akamjibu mbele za watu kwamba hilo si gari la kubebea wagonjwa. Hashil akafunga mlango polepole, ule ufungaji wa mtu anayejua thamani ya bawaba. Akasema linapendeza, Mungu amlinde nalo. Akaenda zake kuwasha Noah.

Miaka mitatu baadaye akafa usingizini, wasikilizaji wapendwa. Hakuugua. Hakupata nafasi ya kusema lolote, wala kusikia lolote.

Siku ya maziko watu walijaa mpaka barabarani. Kabla jeneza halijainuliwa, Anwar akasimama mbele ya wanaume, akasema kama isemwavyo kila siku, kwamba binadamu hakosi kukosea, na kama yupo aliyekosewa na marehemu basi anaombwa amsamehe. Wanaume wakaitikia kwamba wamemsamehe. Sauti ikaingia dirishani kwa wanawake.

Raudha alikuwa mkekani kando ya mama yake. Mbele yake, kitenge mabegani, alikaa Fundi Auleria. Nywele zimeshapata mvi. Akamwona anasogeza midomo, anasema taratibu naye amesamehe.

 Raudha aliwaza, huyu mama anasamehe kitu asichokijua, labda anaamini lile dumu la mafuta lilifika. Anatoa msamaha gizani, na mie nimekaa hapa nautazama ukienda. Jeneza likapakiwa kwenye Noah, viti vimekunjwa, na kilio kikapanda. Wanaume wakaondoka.

Akamfuata Fundi uani, kwenye masufuria ya msiba, alikokuwa anamenya vitunguu na wenzake. Akamwomba wasogee pembeni. Wakasimama karibu na bomba la maji. Raudha anasema alikuwa ametunga maneno mengi kwa miaka kumi na minane, na yote yalimkimbia. Likabaki moja.

"Shikamoo, Fundi. Siku ile gari lilikuwa na mafuta."

Fundi akakung'uta maganda mikononi. Akaitikia marahaba kwanza. Kisha akasema anajua, aliliona likimpita pale lami.

Raudha akaanza kulia, akimwombea baba yake radhi. Fundi akamkatisha. Akamweleza kwamba Hashil alikuja kwake mwaka uleule, siku aliyonunua Noah, kabla hata hajaifikisha nyumbani. Alikaa kizingitini akalia, akasema amesema uongo kwa ajili ya viti alivyoshonewa na mikono ya yuleyule aliyenyimwa gari. Fundi hakumjibu kitu. Mwaka mzima hakumjibu. Hata hivyo, alipobeba mimba nyingine, Hashil alileta Noah kila magharibi ikalala mlangoni kwake, nyumbani akisema anafuata nafasi ya kuegesha tu, funguo akamwachia mumewe. Mtoto yule alizaliwa salama. Ndipo Fundi akamwambia, baba Raudha, yameisha.

 Kumbe baba alishatua mzigo zamani, na hakumwambia. Raudha akauliza kwa nini baba hakumwambia.

Fundi akasema Hashil alimwapia kwamba mtoto hakujua chochote. Kwamba mshale wa mafuta mtoto hausomi, yeye alirudia tu neno la baba yake. Alimkinga, mpaka anaingia kaburini alimkinga.

"Nikamwambia sawa," Fundi akasema. "Lakini nilikuona ulivyoinama. Baba yako nilimsamehe siku nyingi, mama. Wewe ndiye nilikuwa nakusubiri."

Wasikilizaji wapendwa, naomba sekunde moja.

Haya. Tunampa pole Bi Alya kwa kuondokewa na mwenzake wa miaka mingi. Pole Anwar, pole Raudha, pole wapangaji na majirani wote wa mtaa ule, na pole nyingi kwa Fundi Auleria, maana na yeye ni mfiwa, mara mbili. Mungu ampokee Hashil Aiman, muuza vitambaa, na amsamehe pale ambapo sisi tulishamsamehe.

Nawe unayenisikiliza huku umeshika usukani, sikuombi uuze gari lako. Gari zuri si dhambi. Nakuomba ufikirie nyumba ya tatu kutoka kwako. Kuna mtu huko amekaa, hana haraka, anajua kila kitu, na anakungoja uje umwambie mwenyewe. Usingoje mpaka asimame mtu wa kuwaombea radhi wafu, kwa sababu siku hiyo hatakuwa anakuombea wewe.

Raudha ameliuza gari lake. Jumatatu alikuja hapa na Noah ya kijivu, nilimsindikiza mpaka nje. Fundi Auleria alikuwa amekaa kiti cha mbele, anamsubiri. Raudha akaingia, akawasha, na kabla ya kuondoka nilimwona anautazama mshale wa mafuta.