Philemon Tluway na Muda wa Mwaka 1974

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani mliofika hapa Mogitu na mvua hii yote, mimi ni Herman, mtoto wa pili wa marehemu, na ninasoma karatasi hii kwa sababu baba mwenyewe aliagiza niisome mimi.

Baba yetu, Philemon Tluway, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapahapa Mogitu, akiwa mtoto wa nne wa mzee Tluway Sulle, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, na mwaka 1971 akaajiriwa kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2006. Tarehe 10 Julai 1982 alifunga ndoa na mama yetu, Severina, wakajaliwa watoto wawili, dada yangu Gaudensia mwaka 1985, na mimi mwaka 1988.

Wengi mlimfahamu kwa mbio. Siku ya Saba Saba mwaka 1974 alikimbia kilomita ishirini, kutoka hapa kuelekea Katesh na kurudi, pekupeku, kwenye barabara ya vumbi, kwa saa moja, dakika tatu na sekunde arobaini, na kwa miaka thelathini na tisa hakuna aliyeufikia muda huo. Kila mkimbiaji aliyeibuka baadaye, wa Mbulu au wa Hanang, baba alimpima kwa muda huo, akisema wa zamani walikimbia kwa miguu, wa sasa wanabebwa na viatu.

Agosti 2013 nilikimbia kilomita zilezile, juu ya lami mpya, nikiwa na viatu, nikampita kwa sekunde ishirini na nane. Baba hakunipa mkono. Alisema, "Hiyo ni lami na raba, Herman. Vua, upite njia ya zamani, ndipo tulinganishe."

Wiki tatu baadaye nilivua, yeye akashika saa, akinifuata kwa pikipiki ya jirani yetu Yohanes. Kwenye kilomita ya kumi na nne nilikanyaga chupa, Yohanes akaomba nisimamishwe, baba akasema, "Mwache amalize." Nilimaliza kwa saa moja, dakika tano na sekunde hamsini, akaniambia, "Umeona." Kidonda kilioza, nikakatwa vidole viwili vya mguu wa kushoto, sikukimbia tena, na kwa zaidi ya miaka kumi na moja sikuingia nyumbani kwake.

Oktoba 2024 alianza kushindwa kumeza, Januari 2025 ikathibitika ni saratani ya koo, nami nikarudi kumuuguza. Jumapili tarehe 18 Mei alituita, mama, Gaudensia na mimi, akaeleza, na akataka iandikwe humu, kwamba mwaka 1974 mwalimu aliyeshika saa alisahau kuibonyeza, akaibonyeza wakimbiaji wakiwa wameshapita kanisa na kushuka korongoni, dakika tatu nzima baada ya kuanza, na kwamba yeye na mwalimu walikubaliana kunyamaza. Mwalimu alikufa bila kusema.

Kisha akanigeukia, akasema, "Ulinishinda hata bila viatu. Nililijua siku ile, nikiwa nimeshika saa."

Nilimlowesha midomo kwa kitambaa, kwa kuwa maji hayakupita tena, nikatoka nje. Alifariki Alhamisi tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama, na mimi nikiwa bado sijapata la kumwambia.

Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu wanne. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, Yohanes na majirani mliochimba kaburi mvuani, na madereva wenzake wa trekta mliokuja kutoka mbali. Kwenu wakimbiaji, ule muda mliokuwa mkiufukuzia, familia inaomba muufute.

Baba, Mungu akupokee, upumzike.