Walileta Sabuni, Kazi Hawakuitaja

Kijiwe cha Chabani, pale Buyenzi, ni ubao mmoja juu ya matairi mawili, na asubuhi hiyo Waridi alifika mbio, mtoto wa miezi miwili mgongoni, akakaa bila kumsalimia vizuri Chabani, baba yake mdogo, aliyekuwa anamimina kahawa, akamwaga yote yaliyo moyoni: kesho saa mbili kundi lao la chuo kikuu linatetea kazi mbele ya profesa, asiye na jina juu ya kazi anarudia mwaka, na jana wenzake watatu, Zénon wa Gitega, Loïc wa Bukavu na Anouar wa Tchad, wamekuja nyumbani na sabuni, sukari na kreti ya Fanta, wakabeba mtoto, wakacheka, wakaenda. Juu ya kazi, hakuna aliyefungua mdomo.

— Si wamekuhemba tu, akasema Avoka, wakili wa jina tu, fundi wa pikipiki asiyejua hata mlango wa mahakama. Umezaa, watu wanaleta vitu. Unalia nini?

— Kreti nzima? akadakia Dokta, muuza matairi. Hiyo ni ya kuaga. Wamemufuta jina, sasa roho inawasuta.

— Wote watatu? akauliza Waridi.

— Loïc ndiye alifuta. Zénon akakubali na kichwa. Anouar, masikini, alifikiri wanaenda harusi.

— Apana! akaruka mteja mwingine. Profesa ndiye aliwatuma, waangalie kama mutoto iko kweli.

— Na sukari? akauliza Avoka.

— Ya kumufunga mudomo!

Kila mmoja akisema, Waridi anamwamini yeye, mpaka mwingine aseme.

— Baba mudogo, nirudie mwaka na huyu mutoto?

Chabani akamsogezea kikombe. Ndipo Caritas, jirani yao mwalimu, akafika na chupa yake ya kahawa, akasikiliza kidogo.

— We Waridi, uliwauliza?

Watu wote wakatazama vikombe vyao.

— Wageni wako kwangu, wanakunywa, nitawauliza vipi? Waridi akasema, lakini simu tayari iko mkononi, anampigia Zénon.

— Mama, mutoto anaendelea? akaitika Zénon.

— Anaendelea, jina langu liko?

Kule kwa Zénon, mashine ya kuchapa inasikika.

— Tulikuja kukuuliza kama utaweza, tukakuona umechoka, tukaogopa. Na we hukusema kitu. Loïc anasema umeacha masomo, Anouar anasema apana. Mi niko nachapa karatasi ya juu, ya majina, sasa hivi. Nikuandike ao nisikuandike?

— Niandike! Waridi akapiga kelele, mtoto akaamka analia. Niandike, Zénon, na uniambie kesho nitasoma sehemu gani!