Dada Fundi, Aliyekuwa Mbeba Radi Bila Kutaka

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na ninyi mliokuja kutoka mbali kwa sababu mlimfahamu kwenye televisheni tu, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kiume, jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu. Niliomba apewe mtu mwingine, shemeji akanikatalia, akasema anayeyajua yote ni mimi, na ni kweli, ndiyo maana nilikuwa naogopa.

Marehemu dada yetu, ambaye karibu wote hapa mlimwita Dada Fundi, alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la kutengeneza saa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu baba yetu, fundi saa, na marehemu mama yetu, aliyekuwa akifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mimi nilimfuata baada ya miaka tisa, wazazi wakiwa wameshakata tamaa ya kupata mtoto mwingine, na kwa kuwa mama alirudi kutoka kazini jioni, aliyenibeba mgongoni, akaniogesha na kunifundisha kufunga kamba za viatu ni yeye. Baba alipenda kusimulia kwamba binti yake alikuwa mwoga kupindukia, aliogopa ngurumo, ngazi, mbwa na hata kuku, na kwamba siku moja alipotumwa kuishusha saa ya ukutani alipanda juu ya kigoda, akaifikisha chini salama bila mkwaruzo, kisha akaketi sakafuni akatetemeka kwa robo saa nzima.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1975 hadi Novemba 1981, kisha sekondari kuanzia 1982 hadi 1985, na mwalimu wake wa ushonaji aliandika katika ripoti ya mwisho kuwa mkono wa mwanafunzi huyu ni hodari kwenye kitambaa, lakini haujawahi kunyooshwa darasani. Mwaka 1986 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu ushonaji mwezi Desemba 1987, na Januari iliyofuata akaajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, ambako kwa miaka minane alishona kola, kola tupu, hadi akawa akilala anaziota.

Ni humo kiwandani alipokutana na shemeji yetu, fundi umeme, aliyeitwa kubadilisha swichi moja akaifanyia kazi siku tatu, na walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1992, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1994, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998, ambaye amefuata kazi ya baba yake.

Tarehe 1 Aprili 1996 aliajiriwa katika chumba cha mavazi cha kituo cha televisheni, chumba cha ghorofa ya chini chenye dirisha moja, cherehani tatu na meza ndefu ya kukatia, na alituambia siku hiyohiyo kwamba amefika, hatafuti kazi nyingine maishani. Mimi niliajiriwa hapohapo miaka mitatu baadaye, kama dereva, kwa sababu yeye alikwenda kuniombea.

Mwaka 2001 kituo kiliandaa tamthilia ya Mbeba Radi, habari ya mwanamke muuza vitambaa aliyepigwa na radi akabaki na nguvu ya kuruka na kuzuia majanga, na dada alishona vazi lake, la bluu, lenye joho zito la rangi ya shaba, akilipima mwilini mwake mwenyewe kwa kuwa alilingana umbo na mwigizaji aliyechaguliwa. Siku tatu kabla ya kurekodi mwigizaji yule aliondoka, akaenda kwenye kazi nyingine, na mwongozaji aliposhuka chumba cha mavazi alimkuta dada amevaa lile vazi, ana pini mdomoni, anarekebisha pindo. Alimwomba hapo hapo. Dada alitoa pini zote moja moja, akasema, "Siwezi. Tafuteni mwingine." Aliombwa mara tatu siku hiyo, akajibu hivyo mara tatu, na mwandishi wa tamthilia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaenda kuyaandika maneno hayo.

Mwongozaji alinifuata mimi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nimechoka kuosha magari, na niliahidiwa kwamba nikimpata dada nitahamishiwa ofisini, jambo ambalo sikumwambia dada wala mtu mwingine yeyote hadi leo. Nilimrudisha nyumbani kwa gari jioni ile, nikazunguka njia ndefu makusudi, nikamweleza kuwa watu arobaini watakosa kazi, kwamba ni wiki moja tu, na kwamba mama angefurahi. Jumatatu, tarehe 4 Juni 2001, alifungwa mkanda na waya, akapandishwa mita kumi na mbili juu ya sakafu akiwa amefumba macho, na mwongozaji akampigia makofi kwa jinsi alivyoonekana kama anayesikiliza mbingu.

Wiki moja ilikuwa miaka tisa. Wengi wenu mnakumbuka kwamba kila kipindi kilianza kwa Mbeba Radi kuitwa, akasema hawezi, watafute mwingine, kisha akaenda, na kwamba watu walimpenda kwa hilo hasa, kuliko wale mashujaa wengine wanaokurupuka wakiwa na vifua mbele. Maneno yale yalienea, maofisini watu waliyasema walipoombwa kuongoza kikao, watoto waliyasema walipotumwa kuosha vyombo, kisha wakaosha. Aliwahi kukwama kwenye lifti na watu saba, wakatulia walipomtambua, wakamwambia kuwa wakiwa naye hawana wasiwasi, naye alitusimulia baadaye kwamba katika wale wanane aliyekuwa karibu kuzimia ni yeye. Tulicheka sana. Lakini kuna jambo ambalo hatukuliona wakati tukicheka, kwamba tangu hapo dada yetu hakuwa tena na njia ya kukataa jambo, maana kila aliposema hawezi, sisi sote, pamoja na mimi niliyelala mgongoni mwake, tulisubiri tu aende.

Jumapili, tarehe 17 Februari 2008, alikuja kwangu asubuhi, akaketi jikoni, nami nilikuwa namenya viazi. Kwa wakati huo nilikuwa msimamizi wa utayarishaji, na karatasi za misimu miwili mipya zilikuwa mezani kwangu zikisubiri sahihi yake. Alinieleza kwamba miguu inamvimba, kichwa kinamuuma kila akishushwa kwenye waya, anachoka asubuhi kabla hajafanya lolote, na anataka kurudi kwenye cherehani. Nilimjibu kuwa kila msimu husema hivyo, halafu hupanda.

Akaniambia, "Anayesema vile kisha akapanda ni yule. Mimi nikisema siwezi, siwezi."

Niliyasikia. Nataka mjue kwamba niliyasikia vizuri, hapakuwa na kelele jikoni wala masikioni mwangu. Nikamwomba misimu ile miwili ya mwisho, nikamwambia baada ya hapo nitamtetea mwenyewe. Alichukua kisu cha pili, akanisaidia viazi hadi vikaisha, na kesho yake akasaini.

Alirekodi kipindi cha mwisho tarehe 11 Juni 2010, na mwezi Agosti mwaka huo alianguka akiwa bafuni. Madaktari waligundua shinikizo la damu ambalo lilikuwa limemharibia figo zote mbili, wakamuuliza dalili zilianza lini, naye akataja mwaka bila kunitazama, mimi nikiwa nimesimama miguuni mwa kitanda. Tangu Septemba 2010 alikuwa akienda hospitali mara tatu kwa wiki kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, na siku ambazo hakwenda aliketi kwenye cherehani yake, akafundisha ushonaji vijana kumi na mmoja wa mtaa wetu, wengine nawaona hapa. Wauguzi walitueleza kwamba mgonjwa mpya aliyeiogopa ile mashine alikuwa akipewa kitanda cha jirani yake, akamuuliza Mbeba Radi kama yeye haogopi, naye akamjibu kuwa anaogopa sana, kila mara, hata leo, na mgonjwa akanyoosha mkono wake aunganishwe.

Sasa nafika mahali palipofanya nimwombe shemeji asinipe karatasi hii. Mwanzoni mwa 2016 nilijitolea kumpa dada figo yangu moja, familia nzima ikanipongeza, nikapimwa, na siku ya Jumanne, tarehe 8 Machi 2016, daktari wa figo alituita wote wawili ofisini kwake akatuambia kwamba majibu yamelingana. Dada alikataa. Alisema alinibeba mgongoni, hawezi kukubali nipasuliwe ubavuni kwa ajili yake. Daktari hakushtuka, alikuwa naye mtazamaji wa tamthilia ile, akafunga faili kwa utaratibu na kutuacha wawili, akijua nitasema nini, na dada naye alinitazama kama mtu anayesubiri.

Mimi, niliyempandisha kwenye waya kwa maneno ya jioni moja, nilimwambia, "Sawa, dada."

Nilisema haraka. Watu wengi mmeniambia miaka hii kwamba nilifanya vizuri kuheshimu uamuzi wake, shemeji ameniambia, wanangu wameniambia, nami nimekuwa nikiipokea sifa hiyo kwa kuinamisha kichwa. Ukweli ni kwamba niliogopa kisu. Nilikuwa siku tatu sijalala vizuri nikiomba majibu yasilingane, na alipokataa nilihisi nafuu iliyonishinda hata kuificha, na yeye, aliyenijua tangu nina siku moja, aliiona. Alinishika kifundo cha mkono akaniambia, "Nenda nyumbani, ukale, ulale." Hatukulizungumza tena. Kama ningemwomba mara ya pili angekataa au angekubali, sijui, na aliyekuwa na jibu tumekuja kumzika leo. Ninachojua ni kwamba siku ambayo alisema hataki na alikuwa hataki kweli, nilimsukuma, na siku ambayo pengine alitaka asukumwe kidogo, nilitii.

Hali yake ilibadilika mwezi Septemba mwaka huu, akalazwa tarehe 2 Oktoba 2019, na alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, mumewe akiwa amemshika mkono na binti yake akimsuka nywele. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomhudumia miaka tisa na kumzoea hata wakawa wakimkaripia kama dada yao, wagonjwa wenzake watatu walioomba ratiba zao zibadilishwe ili wawepo hapa, majirani wa jengo letu la ghorofa waliompandishia maji na mizigo bila kuombwa, na wanafunzi wake wa ushonaji. Tunakishukuru pia kituo cha televisheni, uongozi na wafanyakazi wenzetu, kwa magari na kwa maua. Kituo kiliomba kwa heshima kwamba lile joho la rangi ya shaba litandikwe juu ya jeneza, watazamaji wapate kuliona kwa mara ya mwisho, na kikaomba tena jana, na tena leo asubuhi. Tumekataa mara zote tatu. Amevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe mwaka jana, lenye mifuko, maana alisema nguo za kupendeza siku zote humnyima mtu mahali pa kuweka miwani, na miwani yake imo.

Dada, nimesoma yote, uliyoyajua kunihusu na usiyoyajua. Pumzika kwa amani, hatukuombi tena kitu chochote.