Plagi Nne za Denge

Kijiwe chenyewe kiko Isiolo, penye kona ya kuelekea Garbatulla: benchi refu la mbao za lori kuukuu, birika la kahawa ya tangawizi, na wanaume watatu wanaojua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Robow, mjukuu wa askari wa zamani, wanamwita Koplo ingawa hajavaa sare hata siku moja. Gitobu ni fundi, wanamwita Spana. Wato anaitwa Satelaiti kwa kuwa habari zote humfikia yeye kwanza, zikatoka kwake zimeharibika. Wa nne asubuhi hiyo alikuwa Denge, dereva wa teksi, na hakuja kunywa kahawa. Gari lake, Probox, lilikuwa wazi boneti, plagi za zamani za injini zimetolewa, moja imepasuka. Mkewe Sabdio, aliyerudi kwa mamake Zeinab kujifungua mtoto wa kwanza, alishikwa na uchungu tangu alfajiri, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka hapo, akimngoja ampeleke hospitali.

— Hizi hapa mpya, alisema Denge, akizipanga nne kwenye benchi. Spana, funga niende. Mama mkwe amepiga simu mara mbili.

— Sifungi kabla ya kupima mwanya wa ncha, alisema Spana. Na fila yangu ya kupimia, msee mmoja wa Kinna alienda nayo.

— Mwenye duka amesema zimepimwa kiwandani.

— Mwenye duka anauza, yeye hafungi! Ikizima njiani na mgonjwa ndani, ni jina langu litatajwa hapa mjini.

— Pima na laini ya simu, hiyo kadi ndogo, alidakia Satelaiti. Ipitishe hapo katikati. Ikibana kidogo, iko sawa. Denge, toa laini yako.

Denge akaitoa. Wiki iliyopita alifunga plagi peke yake, bila kuuliza mtu, gari likamzimikia na abiria watano, na kijiwe kikamcheka siku tatu mfululizo. Hakutaka kuchekwa tena, na leo zaidi ya siku zote alitaka gari lifike. Kwa hiyo akatoa laini, akampa Spana, akasimama.

— Inapita wazi, alisema Spana. Mwanya mkubwa huu. Nigonge kidogo?

— Weka chini hiyo kitu! Koplo alinguruma. Warya, babu yangu aliendesha lori la jeshi mpaka Moyale, mawe matupu, na mwanya alipima na ukucha wa kidole gumba. Wa mkono wa kulia!

— Koplo, huo ukucha ulizikwa pamoja naye, alisema Spana.

— Ndio maana magari yenu hayafiki.

— Nifunge tu niende? aliuliza Denge. Wallahi nimechelewa.

— Utaenda, kijana, alisema Koplo. Keti kwanza. Mtu hafungi safari na moyo ukiruka hivyo.

Akaketi. Mpaka leo hajui kwa nini aliketi. Spana ndiye aliyeshika spana ya plagi, na Spana hagusi injini mpaka Koplo atikise kichwa kukubali, maana Koplo ndiye humletea wateja. Ndivyo kijiwe kinavyofanya kazi. Teksi zingine zilipita, mbili tatu, na Denge aliona haya kumsimamisha mwenzake na kukiri kwamba gari lake tena halisogei.

— Mimi nauliza, alisema Satelaiti, hizi ni plagi za moto ama za baridi? Isiolo na joto lake, ukiweka ya moto injini inajipika yenyewe. Kule Rapsu jamaa aliweka ya moto, pistoni ikatoboka kama chujio la chai.

— Huyo jamaa hakuweka oili, alisema Spana.

— Aliweka! Shida nyingine ni hizi nguzo za stima. Ukipita chini na mwanya mkubwa, cheche inavutwa juu kwa waya. Gari inazima hapo hapo. Mtu wa stima mwenyewe ameniambia.

— Basi punguza mwanya, alisema Koplo.

— Ukipunguza, vumbi ya Garbatulla inaziba. Hiyo vumbi iko na chuma ndani. Inashika stima!

Spana aligonga plagi moja kwenye ukingo wa benchi, akaipima na laini, akaupanua mwanya tena kwa bisibisi. Akagonga ya pili. Ya tatu ikateguka ncha, ikabidi atumwe mtu dukani kuleta nyingine. Kahawa ikamiminwa. Denge aliitazama saa kwenye simu yake, akaona sehemu ya mtandao iko tupu, na ndipo alipokumbuka kwamba laini haimo. Akainyakua laini mkononi mwa Spana, akairudisha kwenye simu. Ujumbe ukaanza kuingia: Zeinab amekupigia mara tatu. Mara saba. Mara kumi na moja.

Akapiga. Haikushikwa.

— Funga! alipiga kelele. Funga hivyo zilivyo!

Spana alimtazama Koplo. Koplo akatikisa kichwa kukubali.

Zilipobaki plagi mbili, lori la mbuzi likaja taratibu kutoka upande wa Garbatulla, likasimama pembeni ya benchi. Dereva alizima injini, hakushuka. Nyuma mbuzi walikuwa wamesukumwa upande mmoja, na upande wa pili palikuwa na godoro, na juu yake shuka iliyofunika mtu kuanzia kichwani mpaka miguuni.

Zeinab alishuka peke yake, akikataa mkono wa kila mtu. Tangu ndoa ifungwe, yeye na Denge hawakuwa wametazamana usoni. Mkwe huheshimiwa kwa kuinamisha macho, na maneno yao yote yalipitia kwa Sabdio au kwenye simu. Sasa alikuja mpaka mbele yake, vumbi kwenye kope, akamwangalia machoni.

— Sisi tulikuwa tunakungoja wewe, alisema, bila kupaza sauti. Wewe ulikuwa unangoja nini?

Satelaiti alitazama chini. Denge alilitafuta jibu na jibu alikuwa nalo, neno moja tu, plagi, lakini mbele ya yule mama hakuweza kulitamka.