Tromboni Ndani ya Besi ya Nyundo

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka leo prodyuza wa muziki wa dril mliyemjua kwa jina la Nyundo. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Tulimzika Jumanne. Aliuawa kwa kisu, mchana kweupe, nje ya geti la nyumba aliyokwenda kuomba radhi. Tunarudia, kwa sababu mitandaoni yamesemwa mengi na mengi si kweli: Nyundo hakwenda kugombana. Alikwenda kuomba radhi.

Tuanze na muziki wenyewe, maana ndio uliompa jina na ndio uliomponza.

Dril ilianzia Chicago, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Vijana wa huko walichukua ngoma za trap, aina ya rap ya miji ya kusini mwa Marekani, wakaziwekea kinanda cha huzuni, wakaghani walichokiona mtaani: nani kapigwa, nani kalipiza. Muziki huo ukavuka bahari hadi London. Huko ulikuta grime, rap ya kasi ya vijana wa London. Ulikuta pia watoto wa watu waliotoka Jamaika, waliokulia mbele ya spika kubwa kama makabati. Hapo ndipo besi, ile sauti nzito ya chini, ilipoanza kuteleza. Haikupiga noti moja ikaiacha. Ilijiburuza kutoka noti hadi noti, kama mtu anayeguna. Besi ya kuteleza ndiyo alama ya dril ya leo. Na hapa kwetu, hakuna aliyeitelezesha kama Nyundo.

Baba yake ni mpiga tromboni. Anaongoza bendi ya matarumbeta inayosindikiza maiti makaburini. Nyumbani kwake dril ilipigwa marufuku. Mzee aliiita kelele za watu wanaotafuta kesi. Nyundo akamjibu kwamba wote wawili wanakula kupitia misiba, ila baba huvaa tai. Dada yake anasema mzee alicheka siku hiyo, kisha akajifanya anakohoa.

Studio ya Nyundo ilikuwa chumba cha nyuma alikopanga, magodoro mawili yamesimamishwa ukutani. Rapa alisimama ndani ya kabati la nguo, makoti yakimgusa masikio, akaimba humo.

Dril ina desturi moja mbaya, wasikilizaji. Rapa humtaja marehemu wa upande wa pili kwa jina, na kumcheka. Jina ndilo linaloufanya wimbo usambae. Nyundo alikataa. Rapa akifika kwenye jina, Nyundo alizima sauti na kuiacha besi peke yake. Mashabiki walipaita pengo. Walidhani ni mtindo. Wembe, rapa aliyefanya naye kazi kuliko wengine, alizoea kulalamika kwamba anaingia kabatini mzima anatoka amekatwa ulimi.

"Ulimi unao, mwanangu," Nyundo alimwambia. "Maiti wa watu ndio sikupi."

Kila wimbo ulikuwa na nakala mbili. Nakala mbichi ilikuwa na kila neno. Hiyo alimpa rapa afanyie mazoezi ya pumzi. Nakala yenye pengo ndiyo iliyotoka kwa watu. Mwezi uliopita Wembe alikuwa kwenye simu akimharakisha, mashabiki wanasubiri, kila mtu anauliza. Nyundo akauachia wimbo mtandaoni huku akiongea. Aliachia nakala mbichi.

Kufikia jioni, jina la kijana wa mtaa hasimu aliyeuawa mwaka jana lilikuwa kwenye simu za mtaa huo mzima, likichekwa kwa vina safi kabisa. Nyundo aliufuta wimbo. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshaunakili.

Dada yake, ambaye ni muuguzi, alimkataza kukanyaga huko kuomba radhi. Alimwambia atume mtu mzima. Nyundo akasema aliyekosea si mtu mzima, ni yeye. Akaenda. Mama wa yule marehemu alimfungulia mlango.

"Alikaa hapo kwenye stuli," mama huyo ametueleza. "Hakujitetea hata kidogo. Nikamwambia, nimekusikia mwanangu, sasa nenda nyumbani."

Getini walikuwepo rafiki za mwanawe. Kesi iko mahakamani, kwa hiyo tunaishia hapo.

Siku moja kabla ya maziko, Wembe alifika kwa mzee na hedifoni shingoni. Alileta biti ya mwisho ya Nyundo, muziki mtupu usio na maneno. Alitaka kuimba juu yake, ataje majina ya waliomuua, yote, na alitaka baraka za baba.

Mzee hakuwahi kukaa chini akasikiliza dril. Alizivaa hedifoni. Besi ilipoingia alizivua, akazitazama, akazivaa tena. Aliomba irudishwe mwanzo. Akauliza nani anapiga. Wembe akasema hakuna mtu, baba, ni kompyuta tu.

"Kompyuta gani," mzee alisema. "Huyu ni mimi. Hapo nilikuwa na jino bovu, nilikuwa navuta pumzi kwa upande mmoja."

Ilikuwa kweli. Nyundo alimrekodi baba yake zamani, sebuleni, akifanya mazoezi. Akaishusha sauti ile chini mpaka vioo vikatetemeka. Besi zote za Nyundo zimetoka kwenye tromboni ile moja. Wembe aliimba juu ya pumzi ya mzee miaka yote hiyo bila kujua. Mzee naye hakujua.

"Basi mimi nina sehemu yangu humu," akasema. "Na hutaniwekea jina la mtoto wa mtu."

Wembe akauliza kama damu ya Nyundo ipotee hivi hivi. Mzee akamjibu kwamba ameshawasindikiza vijana wa mitaa yote miwili, na hajaona hata mmoja aliyerudi kwa sababu mwenzake alimfuata. Wembe aliondoka bila kuaga.

Makaburini, mzee aliinua tromboni na mdomo ukakataa. Bendi ilimaliza bila yeye.

Juzi wimbo wa Wembe ulitoka, juu ya biti ya mtu mwingine. Umetaja majina matatu, bila pengo lolote. Mmoja wa waliotajwa bado yuko shule, na tangu juzi hajaonekana darasani. Wengi wenu mmetuomba tuupige. Hatutaupiga.

Kwa mzee, kwa dada wa marehemu, na kwa ukoo wote: poleni sana. Kwa mama aliyefiwa, kisha akasikia mwanawe anachekwa, kisha akaona mgeni wake anauawa getini kwake: pole, mama. Nanyi wasikilizaji wapendwa, wimbo huo mnao kwenye simu. Kila anayeutuma kwa mwenzake anayasogeza mbele majina yale matatu. Tafakarini.

Mzee ametupa ujumbe kwa Wembe. Tunaufikisha kama ulivyo: "Ufute wimbo, mwanangu, uje ukae hapa nyumbani. Mdomo wangu utarudi, najua. Sitaki urudi kwa ajili ya kukusindikiza wewe."