Vitabu vya Sylus na Moshi wa Jikoni

Marehemu Sylus Mwambingu Mghanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Mwanda, mtoto wa tatu wa Mzee Mghanga na Mama Mkawasi, wote wametangulia. Mimi ninayesoma ni Tryphena, kitinda mimba wao. Niliomba mwenyewe kuusoma wasifu huu, kwa hiyo mtanivumilia.

Alisoma shule ya msingi papa hapa, kisha sekondari kule Wundanyi, akamaliza mwaka 1976. Mwalimu wake wa Kiingereza, Mwalimu Thadeus, alikuwa na riwaya moja ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, yenye jalada la ngozi na picha ndani. Mwanafunzi hakuigusa kabla ya kunawa mikono kwa sabuni. Wenzake walimcheka mwalimu. Sylus alinawa.

Mwaka 1978 aliajiriwa reli, karani wa mizigo katika stesheni ya Voi, hadi alipostaafu 2012. Mwaka wa pili kazini alisikia vyombo vya mzungu mmoja vinauzwa Bomeni, Taveta. Mama alimtuma kitanda, naye akarudi na vitabu vitatu. Alipoulizwa atalalia nini, alimfungulia mama picha ya bibi mwenye gauni refu, iliyofunikwa karatasi nyembamba ya kuilinda. Mama alitazama sana, kisha akasema hata huyo bibi amesimama tu, hana pa kukaa. Mpaka anastaafu vilikuwa sitini na kimoja, riwaya tupu za enzi hizo, ngozi nje na maandishi ya dhahabu mgongoni. Alijua picha za kila kimoja zilichorwa na nani.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Mutindi Nzioka wa Voi. Wakwe walipomtembelea mara ya kwanza walimiminiwa maji ya moto, wakanawa, wakakaa wakingoja chakula. Sylus akawaletea kitabu. Mzee Nzioka, Mungu amrehemu, alikipokea kwa heshima zote, akafunua kurasa kama kumi, ndipo akauliza kwa upole, "Na nyama, mwanangu?" Tumelicheka hilo miaka arobaini.

Tarehe 9 Februari 2025 alipatwa na kiharusi, akalazwa Mombasa wiki saba. Mutindi alikuwa kando yake muda wote, mimi nikaachiwa nyumba. Mvua za Machi zilipoanza nikakuta mchwa wamepanda ukutani, wamekaribia kabati la vitabu. Niliingiwa na hofu, wala sikumpigia mtu simu. Nilifanya alivyofanya mama kwa mbegu za mahindi: nilivipandisha vyote darini, juu ya mafiga, moshi uvilinde. Nikawa nawasha kuni asubuhi na jioni, hata siku ambazo sikuwa na cha kupika.

Aliporudi tarehe 30 Machi aliomba kimoja cha vile vitatu vya Bomeni. Nilipokifungua mgongo ulipasuka. Ngozi ilibanduka kama ukoko, dhahabu yote masizi. Vingine vilikuwa hivyo hivyo. Nilipiga magoti. Mwanawe Gibson alitafuta fundi hadi Nairobi, akaambiwa ngozi ikishakauka namna hiyo hairudi. Sylus maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Aliniambia, "Nawa mikono, dada. Usome."

Nilimsomea kitabu hicho kila alasiri, miezi minne. Sikuweza kurekebisha lolote. Kila ukurasa niliofunua ulivunjika pembeni, nami nikakusanya vipande kwenye ungo, sijui vya nini. Hali yake nayo ilizidi kushuka mbele ya macho yetu. Alifariki Jumapili tarehe 3 Agosti, saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki kurasa nne.

Ameacha mjane Mutindi, watoto Cynthia na Gibson, wajukuu watano, na mimi dada yake. Ameacha pia vitabu sitini na kimoja, na wajukuu wakiniuliza vilipatwa na nini itabidi niwaambie ni mimi.

Asubuhi hii, kabla hatujamtoa nyumbani, nilizisoma zile kurasa nne kando ya jeneza, kwa sauti, mpaka mwisho. Ukurasa wa mwisho ulibaki mkononi mwangu, nikamwekea kifuani.

Lala pema, kaka. Nilinawa.